Mazoezi ya sakafu ya nyonga kwa mjamzito na mzazi: kubana siyo kusukuma

Wifi yangu alikuja kwangu Nkuhungu wiki ya saba baada ya kujifungua. Upepo wa Julai, vumbi la Dodoma kama mnavyolijua. Alipiga chafya moja tu mlangoni, akasimama amebana mapaja. "Wifi, usinicheke." Sikumcheka. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, na bado baada ya uzazi wangu wa kwanza nilivaa pedi miezi minne huku nikifanya zoezi lenyewe kinyume. Hatua hizi ndizo nilizompitisha.

1. Hakikisha tatizo ni hili

Mkojo unaoponyoka ukikohoa, ukicheka au ukiinua ndoo, zoezi linausaidia. Mkojo au kinyesi kinachochuruzika usiku na mchana, hata umelala, hasa kama uchungu ulikuwa wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, na tundu hilo halizibwi kwa kubana. Nenda hospitali, CCBRT ya Dar es Salaam wanaitibu bure. Homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu, au kinyama kinachotokeza ukeni: uonwe kwanza.

2. Anza

Mjamzito, anza leo. Mzazi, anza siku za mwanzo maumivu yakikuruhusu, hata kama ulishonwa. Uliyewekewa mpira wa mkojo, subiri utolewe na ukojoe vizuri mwenyewe. Uliyepasuliwa nawe umo: mimba ilikaa juu ya misuli hiyohiyo miezi tisa.

3. Itafute misuli yenyewe

Hapa ndipo nilipopotezea miezi yangu minne, kwa hiyo mnivumilie.

Misuli hii, ndiyo sakafu ya nyonga yenyewe, imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, kama kamba za kitanda cha kamba. Juu yake kuna kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mkubwa. Kamba zikilegea, vyote vinaning'inia. Kazi yako ni kuvuta kwenda juu. Tatizo ni kwamba mwanamke aliyeambiwa "sukuma, sukuma" usiku kucha, ukimwambia atumie misuli ya chini, anasukuma. Mimi nilisukuma.

Kunja khanga iwe mviringo mnene kama mkono, ilaze juu ya kiti kigumu kutoka mbele kwenda nyuma, uikalie. (Mwenye nyuzi mbichi asikalie kitu, alale ubavu, mto katikati ya magoti.) Toa pumzi taratibu, na pumzi ikitoka, funga njia ya haja kubwa kana kwamba unazuia hewa isikuaibishe mbele ya wakwe, kisha endeleza mvuto huo mbele hadi njia ya mkojo. Ukipatia, utahisi mwili unaiachia khanga kidogo sana. Ukihisi unaikandamiza, umesukuma. Rudia.

Wifi mara ya kwanza alipanda mzimamzima. "Nimeweza!" Hapana, hayo ni makalio. Nikamwambia aweke mkono mmoja chini ya tako, mwingine tumboni. Tako likikaza, mapaja yakibanana au pumzi ikikwama, unajidanganya. Dawa ya pumzi ni kuhesabu kwa sauti. Akahesabu kwa Kigogo, akacheka, mabega yakashuka, na hapohapo akanyamaza: "Ah. Hiki kidogo hivi?" Ndiyo, kidogo hivyo.

Bado una shaka? Chukua kioo, egemea mito. Ngozi iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa iingie ndani, isitokeze. Mwenye mimba kubwa asilale chali.

Mambo mawili yanayoharibu. La kwanza, kukata mkojo chooni kila siku kama zoezi: acha, unaweza kubakiza mkojo kibofuni. La pili, kutoachia. Kila ukibana, achia kabisa na upumzike muda uleule. Wapo wanaobana kutwa mpaka panauma na tendo la ndoa linakuwa adhabu. Hao wanahitaji kufundishwa kulegeza, siyo kuongezewa kubana.

Yale mayai na mipira ya kuingiza ukeni yanayouzwa mitandaoni, sitaki hata kuyasikia. Daktari Arnold Kegel wa Marekani, ambaye mazoezi haya yanaitwa kwa jina lake, alipoandika mwaka 1948 alitumia kipimo cha mgandamizo ili mwanamke ajue kama kweli anabana. Khanga inakupa taarifa hiyohiyo, na unayo tayari.

4. Hesabu

Bana mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 angalau. Anza kwa kushikilia sekunde 3, panda taratibu hadi 10, malizia na mibano michache ya harakaharaka. Alamu ya simu utaizima tu. Tumia kunyonyesha: asubuhi, mchana na usiku, mtoto akishika titi, nawe unaanza.

5. Bana kabla

Kabla ya chafya, kikohozi au kuinua mtoto: bana, kisha fanya. Wifi aliona tofauti hapa kwanza.

6. Usiibomoe kwa mkono mwingine

Ndoo ya lita 20 kichwani waachie wengine wiki za mwanzo. Choo kigumu nacho kinasukuma chini: kunywa maji, kula papai na mlenda. Kuhusu kufunga tumbo kwa khanga, mama mkwe na mimi tulibishana. Ukifunga kwa kulegeza, sawa; ukikaza mpaka huwezi kuvuta pumzi, unalisukumia tumbo lote juu ya zile kamba.

Miezi 3 ikipita bila nafuu, uliza kitengo cha fiziotherapia, hospitali ya rufaa ya mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma. Ukifika sema wazi kwamba ni mkojo. Wengi wetu tumezoea migongo na viharusi, tusije tukakulaza kifudifudi tukaanza kukukanda kiuno.