Shamba la bondeni: soma udongo kabla ya kuchagua zao

Mkulima wa Magu, mkoani Mwanza, akipata ekari tatu bondeni mwa Mto Simiyu huhesabu kuwa ana shamba moja. Mara nyingi ana mashamba mawili, na aliyeyagawa ni mto wenyewe.

Mto unaokimbia hubeba mchanga, tope na udongo wa mfinyanzi kwa pamoja. Ukifika kwenye tambarare karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, kasi hupungua. Mvua zikizidi, maji hupanda kingo na kusambaa, na yakishatoka tu mkondoni huishiwa nguvu. Mchanga hutua kwanza, hapo hapo ukingoni. Mfinyanzi, wenye chembe ndogo kuliko zote, husafiri mbali na kutua maji yakishatulia. Mafuriko yakijirudia kwa miaka mingi, kando ya mto hujengeka mwinuko wa kichanga, na nyuma yake hubaki mbuga ya udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Basi kabla ya kushika jembe, chimba mashimo ya kina cha nusu mita, ukianzia upande wa mto na kwenda mbali nao. Ukutani mwa shimo utaona tabaka za mchanga na tope zikipishana. Hayo ni mafuriko ya zamani. Chukua udongo kiganjani, ulowanishe, uviringe uwe mwembamba kama kidole, kisha uukunje uwe pete. Pete ikishikana bila kupasuka, hapo tengeneza majaruba, yaani vipande vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, ili upande mpunga. Ukimeguka hata kabla hujaukunja, hicho ni kichanga: weka viazi vitamu juu ya matuta, au mahindi. Wapo wanaolazimisha mpunga kwenye kichanga kwa sababu tu jirani kavuna vizuri. Maji yanazama usiku kucha, asubuhi jaruba ni kavu.

Ukingo wenyewe uache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni, na hata isingekuwepo, matete na mafunjo ndiyo yanayoshika udongo ule. Jihadhari zaidi na upande wa nje wa kona, ambako mto hula ardhi kila msimu huku ukitupa mchanga upande wa pili.

Walio karibu na mdomo wa mto waangalie na ziwa pia. Ziwa likijaa, kama ilivyokuwa 2020, maji ya mto hukosa pa kwenda na hukaa shambani muda mrefu. Huko kitalu cha mpunga kiwe sehemu ya juu, miche isije ikazama ikiwa bado midogo.

Tope la mafuriko lina rutuba, ila naitrojeni yake haitoshi mpunga. Ukiweka mbolea ya urea, punguza kwanza maji ya jaruba, ziba matoleo ya maji, ndipo unyunyize. Ukiimwaga wakati maji yanatembea, mbolea yako itaenda kulisha magugu maji ziwani.