Kijiko cha mafuta kwenye uji wa mtoto

Mtoto wangu alipofika mwaka na nusu nilikuwa nampa uji mtupu. Msuli hujengwa kwa protini, lakini mtoto akikosa nguvu za kutosha mwili huichoma protini hiyo kama kuni. Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, na tumbo la mtoto ni dogo, kwa hiyo mafuta humpa nguvu nyingi kwa chakula kidogo.

Uji ukiiva, epua, koroga kijiko cha siagi ya njugu laini mpaka mafuta yang'ae juu. Njugu nzima usimpe kabisa, zitamkaba.

Mchana naponda parachichi la soko la Marikiti, lile linalobonyea kidogo karibu na kikonyo, ndani ya ndengu. Maziwa yaliyotolewa mafuta? Hapana, si kabla ya miaka 2.