Kupiga video na kamera ya picha hapa Lamu: nunua filta kabla hujanunua lenzi nyingine

Wapiga picha wengi huku, wa harusi na wa wageni wa Shela, washanunua hizi kamera za miralesi, Sony a6400, Canon M50, Fuji X-T30 na ndugu zake, picha zao mashallah, lakini wakibonyeza kile kitufe chekundu inatoka video inayorukaruka, anga limeungua, uso wa mtu haujulikani na sauti ni upepo mtupu, halafu waambiwa ati kamera hii haifai video. Inafaa bana. Ila mkono uliozoea picha una tabia moja lazima iachwe, nayo ni kurekebisha jua kwa shata, ile kasi ya kufungua na kufunga kamera.

Kwenye picha jua likizidi wapandisha shata mpaka 1/2000, basi mambo yamekwisha. Kwenye video huwezi, manake kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, ikigandishwa kali hivo mtu akitembea anaonekana anakatikakatika, mawimbi nayo yanatetema. Kawaida ya watu wa video ni shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu, kwa hivo fremu 25 kwa sekunde shata 1/50, fremu 50 shata 1/100. Na kwa nini 25 na si 30? Kwa sababu umeme wa Kenya ni wa hezi 50, taa zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, shata ya 1/50 au 1/100 inakwenda sawa nazo lakini ukipiga 30 kwa 1/60 chini ya zile LED rahisi za ukumbi wa harusi utaona mistari ya giza inapita kwenye picha na ukifika kwa laptopu ni shida kuitoa. Ingia kwenye menyu utafute PAL, mfumo wa fremu 25 na 50, badala ya NTSC wa 30 na 60, na kama kamera yako haina chaguo hilo chagua fremu 25 moja kwa moja. Kamera nyingine ukibadilisha itataka kuformati kadi, kwa hivo hamisha vitu vyako kwanza.

Sasa hesabu ndogo. Jua la saa sita mchana, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, shata 1/50, kamera itakwambia f/22, yaani apacha, lile tundu la lenzi, liwe dogo sana. Kwa f/22 picha inalegea, na kila chembe ya vumbi iliyokaa kwenye sensa itaonekana kama doa angani, na sisi na mchanga wetu huu vumbi halikosi. Wewe wataka f/2.8 ili nyuma ya mtu pafifie, na kutoka f/22 mpaka f/2.8 ni stopu sita, kila stopu ni nusu ya mwanga, yaani upunguze mwanga mara 64. Kazi hiyo haifanywi na setingi yoyote, inafanywa na kioo cheusi unachokifunga mbele ya lenzi, filta ya ND. ND64 inakutosha mchana, na pale ufuoni Shela, mchanga na maji yote yanakurudishia mwanga, huenda ukafunga apacha kidogo tena. Kuna zile za kuzungusha, zinakuwa nzito au nyepesi upendavyo, mimi nazipenda kwa mji huu kwa sababu hatua kumi tu kutoka barabara ya bahari ushaingia kichochoroni na mwanga umebadilika kabisa, lakini ukiizungusha mpaka mwisho na lenzi pana unatokea msalaba mweusi katikati ya anga, na zile za bei ya chini kabisa zinatia ukijani kwenye ngozi. Nunua inayotosha lenzi yako kubwa kuliko zote halafu zile ndogo uzitafutie ringi, ni senti kidogo.

Wengine washasikia habari ya S-Log na C-Log, zile setingi zinazotoa video iliyofifia ili rangi zitengenezwe baadaye, wanaiwasha siku ya kwanza. Ngoja kwanza. Log inalazimisha ISO ipande, mara nyingi 500 au 800, kwa hivo ND nayo izidi, na kwenye kamera za biti 8 anga letu la buluu likivutwa kwenye rangi linakatika vipande vipande. Piga na prifaili ya kawaida, punguza kontrasti na ukali kidogo, mteja hatajua tofauti.

Kitu kigumu zaidi huku si bahari, ni kanzu. Mzee wa kofia na kanzu nyeupe amesimama juani, uso mweusi uko kivulini mwa kofia yake, kamera ikiwa otomatiki itachagua kimoja na kukiharibu kingine. Washa zebra, ile mistari ya kuonyesha panapoungua, kama kamera yako inayo, uiweke 100, mistari ikitokea kwenye kanzu punguza mwanga mpaka iondoke, manake zile darizi za shingoni zikishaungua hazirudi tena hata uediti vipi. Halafu usimwachie uso wake giza, mwombe ageuke kidogo aelekee ukuta uliopakwa chokaa, ile chokaa itamrudishia mwanga usoni bila taa wala nini. Mabuibui ni kinyume chake, acha yawe meusi usijaribu kuyaangaza. Na mwenye nikabu fokasi ya uso wakati mwingine inapotea inaanza kwenda mbele na nyuma, basi iguse kwenye skrini pale machoni uiambie ifuate hapo.

Rangi ya mwanga, ile WB, ifunge. Nje weka kelvini 5500, chini ya taa za njano 3200. Ukiiacha otomatiki mama akipita na leso nyekundu video nzima inageuka rangi katikati ya mtu kuongea.

Kuhusu saa za kupiga, mji wa Lamu unatazama mashariki, kisiwa cha Manda kiko mbele yetu, kwa hivo ule mwanga mzuri wa mbele ya nyumba na majahazi ni wa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili hivi. Jioni barabara ya bahari ni kivuli tu jua limeshuka nyuma ya mji, wageni wanakuja kulitafuta pale gatini na sijui wanatarajia nini. Jioni panda mashua mkae katikati ya mkondo upige kurudi mjini, au tafuta dari ya mtu. Malindi ni vilevile, bahari iko mashariki. Na huku karibu na ikweta jua linazama haraka, kwa hivo kama wahoji mtu wakati huo angalia eksposha, kiasi cha mwanga, kila swali.

Kutulia. Hizo kamera tatu nilizotaja hakuna hata moja yenye kitulizaji ndani ya mwili, mnategemea lenzi. Vaa mkanda shingoni, sukuma kamera mbele mpaka mkanda ukaze, viwiko mbavuni. Kwenye mashua usifunge tripodi, itakubebea kila wimbi, shika mkononi na magoti yawe laini. Na usigeuze kamera haraka, sensa inasoma picha mstari kwa mstari, ukifagia kwa kasi mlingoti wa jahazi unaonekana umelala.

Tuseme umekwenda Matondoni kwa mafundi wa majahazi, fundi anatia kalafati. Usimfuatefuate na kamera. Simama, piga jahazi zima sekunde kumi. Sogea, mkono na nyundo sekunde kumi. Sogea tena mpaka uone pamba inavyoingia kwenye mwanya wa mbao, nyundo iingie na kutoka yenyewe kwenye fremu. Halafu uso wake tu, bila kazi. Ukitaka nyundo iende polepole badilisha fremu 50 na shata 1/100, na kumbuka modi nyingi za polepole hazirekodi sauti, kwa hivo baadaye rekodi ule mlio peke yake kwa kasi ya kawaida, ndio utakaobeba video yako yote.

Sauti yenyewe ndo nusu ya kazi na ndo inayodharauliwa. Iwe kusi au kaskazi upepo uko, maiki bila manyoya ni bure. M50 na a6400 tundu la maiki ni la milimita 3.5, X-T30 ni 2.5 kwa hivo utafute adapta. Zima ile otomatiki, mtu akiongea sauti iguse desibeli -12, na geini ya kamera, ile ya kukuza sauti, iwe chini kwa sababu ikipanda inaleta mchakacho. Huna maiki ya waya? Tia simu na maiki yake ndogo kwenye mfuko wa kanzu, irekodi, piga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye ulinganishe sauti ya simu na video. Adhana ikianza simamisha, kwa heshima na pia kwa sababu huwezi kuunganisha klipu moja yenye adhana na nyingine haina. Na shughuli za wanawake usiingie na kamera mpaka wenyewe waseme, wala usidhani ruhusa ya picha ni ruhusa ya video.

Kadi iwe V30, ile alama ya kasi ya kuandika. 4K, ile video kali zaidi, ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, kadi ya 64 ni saa moja na dakika ishirini na kitu. M50 kwenye 4K inakata picha sana na fokasi yake nzuri inapotea, piga 1080, HD ya kawaida, usione haya. X-T30 inasimama dakika kumi kwenye 4K. Kamera nyingi za zamani husimama dakika 29 na sekunde 59, hiyo ilitokana na ushuru wa Ulaya kwa kamera za video, si ugonjwa. Jua kali litaizima kamera kwa joto, kwa hivo fungua skrini mbali na mwili na kati ya klipu iwe kivulini.

Ukitoka chumba chenye AC acha kamera ndani ya begi nusu saa, la sivyo lenzi yote ukungu. Usibadilishe lenzi ufuoni. Ukirudi nyumbani pangusa mwili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo chumvi, halafu kikavu, na kadi usiiformati mpaka klipu ziwe mahali pawili.