Unasoma kozi ya media onlaini? Anza kupiga hela na simu hiyohiyo

Usisubiri cheti aisee. Asaimenti unazopewa ndo kontenti yako ya kwanza, ukiambiwa uediti dakika mbili basi nenda kashuti kitu cha mtaani kwako, mama ntilie, fundi viatu, ukishaituma kwa mwalimu unaikata vipande vya wima unarusha TikTok na YouTube, kazi moja imetumika mara mbili.

Sauti kwanza, kamera baadae. Kamaiki ka kubana kwenye kola kanatosha, na kelele zikizidi ingia kwenye gari la mtu funga vioo rekodi humo, studio ya bure hiyo 😂

Hela ya matangazo YouTube usiitegemee mapema, wanataka sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 (au Shorts, zile video fupi za wima, zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, haya). We tafuta saluni au duka la nguo hapo jirani, wapigie video nne kwa mwezi, na chukua advansi nusu KABLA hujashuti, mi nilishaliwa, nikabaki na bando limeisha na "ntakucheki kaka".

Kama uko Bongo na chaneli ni ya habari, leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwanza.