Kupima nguvu ya metali kwa sulfati ya shaba

Metali yenye nguvu zaidi ya kikemia huifukuza iliyo dhaifu kutoka kwenye chumvi yake, kama vile sulfati ya shaba. Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya shaba, jaribio la kuanzia ni hili.

Yeyusha gramu 5 za fuwele za buluu za sulfati ya shaba katika mililita 100 za maji ya mvua, ndani ya glasi, si sufuria. Maji ya kisima yenye chokaa huleta ukungu hafifu wa buluu. Tone moja au mawili ya asidi ya betri huuondoa. Ukizidisha, asidi italamba chuma chenyewe na mapovu ya hidrojeni yatakuchanganya. Bouillie bordelaise, dawa ya ukungu wa mimea ya bustani, haifai, ina chokaa.

Chukua msumari wa kawaida. Ule wa kuezekea mabati umepakwa zinki, kwa hiyo utapima zinki ukidhani ni chuma. Sugua kwa msasa, osha kwa sabuni, suuza: penye mafuta shaba haishiki. Uzamishe nusu. Ndani ya dakika chache sehemu iliyozama inakuwa nyekundu ya udongo, na baada ya saa kadhaa buluu inafifia. Asubuhi za baridi za Juni na Julai hali huenda polepole. Weka glasi juani.

Kila gramu 1 ya chuma inayoyeyuka huacha gramu 1.14 za shaba. Glasi yako ina gramu 1.27 za shaba, basi chuma kitakacholiwa ni kama gramu 1.1. Wengi hupata shaba pungufu kwa sababu imebanduka na kuanguka chini. Ichuje, ikaushe, uipime pamoja na msumari.

Zinki, toka gamba la betri ya tochi ya bei rahisi (si alkalini), ikizamishwa katika maji ya buluu kama hayo hufunikwa na tope jeusi. Usiseme jaribio limeharibika: hiyo ni shaba laini mno.

Alumini ndiyo mjanja. Ina nguvu kuliko zinki, lakini kipande chake kinaweza kukaa humo bila dalili, kimekingwa na utando wa oksidi. Tia kijiko kidogo cha chumvi ya jikoni: kloridi hupasua utando, glasi inapata moto, hidrojeni inatoka. Usifunike, na usikaribishe moto.

Ukimaliza, acha vyuma chakavu ndani hadi buluu iishe yote, kisha chuja. Maji yenye shaba huua samaki, kwa hiyo yasimwagwe mtoni wala mtaroni.