Somo: Kuomba skolashipu za sayansi, hesabu na uhandisi ukiwa Lamu

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka naulizwa lile lile: "Dada, nianzie wapi?" Nimelijibu Langoni, nimelijibu Shela, nimelijibu hata ndani ya boti ya Mokowe. Leo naliandika.

Hatua ya 1. Chagua mlango. Hungaria wana Stipendium Hungaricum, Uturuki wana Türkiye Bursları, Japani wana MEXT. Zote ni za serikali na kuomba ni bure. Mtu akikudai pesa ya "kuingiza jina", achana naye.

Hatua ya 2. Omba KUCCPS pia, wale wanaopanga nafasi za vyuo hapa Kenya. Usiiache.

Hatua ya 3. Majina. Hapa ndipo nilipoanguka. Cheti changu cha kuzaliwa kina "binti" na jina la babu, cha KCSE hakina, na kwenye pasipoti Mohamed akawa Mohammed. Sikuona tatizo, maana sisi hapa twajuana kwa baba na babu. Mkaguzi aliye mbali aliona karatasi za watu watatu. Ombi likarudishwa, muda ukapita, nikakaa nyumbani mwaka mzima na A yangu ya hesabu. Basi tandaza karatasi zote mkekani, soma herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Tofauti ikiwa ndogo, nenda kwa wakili ukaape kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, kisha ambatisha kiapo hicho kila unapoomba. Ikiwa kubwa, cheti chenyewe kirekebishwe, na usingoje hadi mwezi wa kuomba. Mlio kidato cha nne, nawaomba sana: kagueni majina yenu kabla usajili wa mtihani haujafungwa.

Hatua ya 4. Barua ya nia. "Napenda sayansi tangu utotoni" kila mtu ameandika. Andika ulichokiona kwa macho yako. Mimi niliandika juu ya visima vya Shela vinavyotunywesha Amu, yaani mji wa Lamu, na jinsi maji ya bahari yanavyojipenyeza chini ya mchanga pale maji matamu yanapovutwa kupita kiasi. Wa Matondoni ana majahazi: kwa nini ubao ule hupindwa vile?

Hatua ya 5. Tuma wiki moja kabla ya siku ya kufunga.

MASWALI

Kijana wa Kizingitini: Naomba linki.
— Majina ya skolashipu yapo hatua ya 1. Soma kwanza.

Mama Faza: Wangu ana miaka 22. Uturuki watamchukua?
— Mama, kwa shahada ya kwanza wanataka aliye chini ya miaka 21. Ajaribu Hungaria. Ila mjue posho yao ya shahada ya kwanza ni forinti 43,700 kwa mwezi na haitoshi kuishi. Jipangeni mapema.

Mwana Mkomani: Hicho kiapo si lazima, wataelewa tu.
— Mimi hawakunielewa. Nimepoteza mwaka, sisemi kwa kusikia.

Bint Witu: Dada, MEXT wanatahini nini? Maabara yetu haina vifaa.
— Swali zuri, mdogo wangu. Kwa uhandisi ni hesabu, fizikia, kemia na lugha, yote ya kuandika, kwa hiyo maabara isikuvunje moyo. Hesabu zao zinakwenda mbali kuliko KCSE, hasa kalkulasi. Mitihani ya nyuma iko bure kwenye tovuti ya Study in Japan. Fanya mmoja kila wiki, ukijipimia muda kwa saa. Masomo ni miaka 5, wa kwanza ukiwa wa Kijapani, na posho ni yeni 117,000 kwa mwezi. Ukikwama nitumie picha ya swali, tulifanye pamoja.

Bint Witu: Shukran sana. Na saa za kufunga?
— Wakati wa baridi Hungaria wako nyuma yetu saa mbili. Wakiandika 14:00, kwetu ni saa kumi jioni.

Mama Faza: Vyeti vyetu vililowa kwenye boti.
— Pole, mama. Vifungeni nailoni mbili, na mvipige picha kabla ya kupanda. Mkiskani kwenye saiba, yaani duka la intaneti, hakikisheni faili zimefutwa kwenye kompyuta yao kabla hamjatoka.