Kabla vituo viwili havijaanza kubadilishana data za matetemeko

Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Bukoba, na huku Uganda tukaisikia. Saa ngapi? Kwa saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, ni 12:27. Kwa saa ya ofisini ni 15:27. Mtu wa Rakai atakwambia saa tisa na dakika 27 alasiri. Wote wamesema kweli, ila kompyuta haijui hilo. Kwa hiyo jambo la kwanza mkubaliane na jirani yako: kila kitu kiandikwe kwa UTC.

Mimi natunza data za matetemeko hapa Entebbe. Ushauri wangu, hati ya makubaliano isubiri. Anzeni na jedwali la ukurasa mmoja, liandikwe na mafundi wanaobadilisha betri: jina la kituo, mahali kilipo, aina ya kihisi, tarehe kilipofungwa. Mfumo wa kuhifadhi msibuni. Mawimbi yaliyorekodiwa yakae katika faili za aina ya miniSEED na maelezo ya kituo katika faili za aina ya StationXML, maana dunia nzima inazisoma.

Tarehe ya kihisi ndiyo inayosahaulika. Mshirika wetu mmoja alibadilisha kihisi bila kuandika. Mawimbi yaliendelea kuingia, mazuri kwa macho. Kumbe kihisi kipya kilikuwa chepesi zaidi kuhisi, nasi tunapiga hesabu kwa namba za kile cha zamani. Kila tetemeko likatoka kubwa kuliko lilivyopimwa kwingine. Wiki nzima tulilaumu udongo wa pale. Mwishowe nikampigia fundi: "Mzee, kihisi ni kilekile?" Akanyamaza kidogo. "Hapana, mwanangu. Tulikibadilisha mwezi wa tatu."

Tangu hapo tuna sheria: anayegusa kifaa anaandika siku hiyohiyo. Mstari wa zamani haufutwi. Unafungwa kwa tarehe, mpya unafunguliwa chini yake, kwa sababu mawimbi ya mwaka jana bado yanahitaji namba za mwaka jana. Na anayeruhusiwa kusahihisha ni mwenye kituo tu. Wengine tunamwomba.

Hapo sasa wakurugenzi watie saini. Waandike pia data zitakwenda wapi taasisi ikifungwa au ikiungana na nyingine. Hata Marekani, taasisi mbili, IRIS ya data za matetemeko na UNAVCO ya vipimo vya mwendo wa ardhi, ziliungana mwaka 2023, zikawa EarthScope Consortium.

Jedwali lichapishwe, litiwe kwenye plastiki, libandikwe ndani ya mfuniko wa sanduku la kituo. Kalamu ifungwe hapohapo kwa uzi.